Gari Lisilokunywa Maji

Gari lile halikunywa maji, na taabu yote ilianzia hapo.

Magari mengine tuliyoyajua Mbeya miaka ile ya hamsini yalikunywa, tena kama ng'ombe wa Usangu. Lori likipanda mlima wa Chunya lilifika juu linatoa mvuke puani. Dereva anaruka chini, anafungua kifuniko cha rejeta kwa kitambaa huku uso kaugeuzia pembeni, anamimina debe zima. Kila kijiji cha barabarani kilikuwa na akina mama waliosikia mngurumo wakatoka na maji. Kulinywesha gari la mgeni ilikuwa adabu, sawa na kumpa mgeni kiti. Sasa lije gari linapanda mlima uleule, halina rejeta, halina kifuniko, halitoi mvuke, na dereva wake anapunga mkono na kupita zake. Watu watasemaje? Walisema walichosema: kama halinywi maji, linakunywa kitu kingine.

Mwenye gari tulimwita Fundi. Jina alikuwa nalo, na ndugu nadhani alikuwa nao, lakini mimi sikumjua kwa hayo. Nilimjua kwa ukuta. Nyumba yangu na banda lake zilitenganishwa na ukuta mmoja wa matofali mabichi, mimi upande huu na cherehani yangu, yeye upande ule na nyundo yake, na kwa miaka mingi tuliongea kupitia ukuta zaidi kuliko uso kwa uso. Alikuwa mtu wa mwambao, Mwislamu wa swala tano. Mimi Mnyakyusa wa Rungwe, mtoto wa misheni, mume wangu kibarua wa barabara ambaye nyumbani alikuja kama mgeni. Kiswahili changu kilimchekesha Fundi. "Dada, maneno yako yana mawe kama mchele wa sokoni," alikuwa akisema. Nami nilimjibu kwamba mchele wenye mawe ndio unaomfunza mtu kutafuna taratibu.

Fundi alikuwa mwoga. Nasema hivyo kwa heshima, naye mwenyewe hakuficha. Aliogopa radi, aliogopa jogoo wangu, aliogopa mwendo wa kasi, hata baiskeli zilimpita na wenye baiskeli wakamwuliza kama anataka kusukumwa. Kabla ya kuwasha injini alilizunguka gari lote, anagusa kila gurudumu, anainama kuchungulia uvunguni, anasema Bismillahi, kisha anazunguka tena. Hendeli ya kuwashia alilala nayo chumbani, asije mtu akaliamsha gari yeye hayupo. Ukimcheka alikujibu, "Kwa mwoga huenda kicheko, dada, kwa shujaa huenda kilio. Chagua pa kwenda." Lakini mtu huyohuyo alikuwa akiingiza mkono kwenye injini inayozunguka, akiupitisha karibu na feni kutafuta upepo unapovujia, na uso wake umetulia kama anampapasa mtoto aliyelala. Mimi nilifumba macho. Hapo sikuwahi kumwelewa.

Gari lenyewe alilitoa Chunya, kwenye machimbo ya dhahabu, ambako mchimbaji mmoja wa Kizungu aliliacha chini ya kibanda cha nyasi akaenda zake. Kuku walikuwa wanatagia kwenye kiti cha nyuma. Lilikuwa gari la kitambo hata wakati ule, gari la wazi la matembezi, halina paa la bati wala vioo vya pembeni, na pua yake imeinamia mbele kama mnyama anayenusa. Alilileta vipande vipande juu ya malori ya watu. Chini, mahali ambapo magari mengine yana chuma, hili lilikuwa na mbao, na mchwa walikuwa wamekwisha kujipatia sehemu yao. Akatafuta mninga mkavu, akachonga upya kila boriti, akaziunga kwa bolti na subira. Nilisikia randa yake mchana kutwa. Ilipita misimu na misimu ya mahindi kabla sijasikia injini.

Siku injini ilipolia mara ya kwanza nilimwaga sindano zangu zote chini. Nikaenda bandani kumgombeza. Nikamkuta amekaa juu ya debe, analia na kucheka, mikono myeusi imeshika kikombe cha chai. Nikasahau ugomvi, nikauliza swali ambalo mji mzima ulikuwa unauliza.

"Fundi, maji linanywea wapi?"

Alimimina chai kwenye kisahani, akapuliza kidogo, akanipa. "Kunywa."

Nikanywa.

"Imekuunguza?"

"Haikuniunguza."

"Mbona ya kikombeni inaunguza? Kwenye kisahani imekutana na upepo, basi. Njoo uone." Akafunua boneti. Silinda zilisimama kila moja peke yake, na kila moja imevishwa mbavu nyembamba za shaba kuizunguka, nyingi, zimekaribiana. Akanionyesha gurudumu zito lenye feni nyuma ya injini: linavuta upepo kutoka mbele, unashuka katikati ya mbavu zile, unabeba moto, unatokea chini. "Kila ubavu ni kisahani. Halina haja na maji, dada. Tena maji ni adui yake. Chuma hiki kikiwa cha moto, ukikimwagia maji, kinapasuka."

Nikamwambia ni akili kubwa. Akatikisa kichwa. "Si akili. Ni woga. Aliyelifikiri gari hili alikuwa mwoga kama mimi. Kwao baridi inaua. Maji yanaganda ndani ya rejeta, yanavimba, asubuhi mtu anakuta chuma kimepasuka. Yule bwana akaogopa, akasema basi, maji nisiyaweke kabisa. Akaogopa mashimo ya njiani, akaweka mbao zinazopinda mahali pa chuma kinachokatika. Akaogopa uzito, akapunguza kila palipopunguzika. Kila kizuri kilichomo humu kimetoka kwenye woga wa mtu."

Nimeyafikiri sana maneno yale baadaye, kwa sababu woga wetu sisi haukutengeneza hata kijiko.

Lazima niseme woga huo ulikuwaje, maana vijana wa leo watatucheka. Miaka ile watu walikuwa na hofu ya mumiani. Huku wengine waliwaita chinjachinja. Ilisemekana ni watu waliotumwa, wenye magari na dawa, wanaokamata mtu njiani, wanamfyonza damu, na mwili hauonekani tena. Nani aliwatuma? Wengine walisema Wazungu, wengine walisema matajiri, kila mtu na wake. Jua likianza kuinama wanawake hawakwenda kisimani peke yao. Mtoto hakutumwa dukani. Mgeni akipotea njia hakuthubutu kuuliza. Na mimi pia niliogopa, jamani, nilisoma misheni lakini niliogopa, nikisikia gari nyuma yangu njiani nilikuwa naingia kwenye mahindi ya watu.

Sasa mtazame Fundi kwa macho ya watu hao. Ana gari lisilokunywa maji. Amelipaka rangi nyekundu iliyokolea, kwa sababu chini ya kutu aliikuta ndiyo rangi yake ya kuzaliwa, na hakutaka kulibadilisha kabila. Halafu ile ngozi. Gari lile lilikuwa na ngozi ndani, inayoishika injini na kuiachia dereva anapobadili gia, na ngozi hiyo ikikauka gari linaruka kama mbuzi. Dawa yake ni mafuta ya kwato za ng'ombe. Kwa hiyo Fundi alikuwa anakwenda machinjioni, anarudi na debe la kwato limefunikwa gunia, damu inadondoka njiani, anajifungia bandani na kuzichemsha. Harufu ilikuwa ya kumtoa nyoka shimoni. Nilimpigia ukuta: "Fundi, unapika shetani?" Akajibu, "Mchuzi wa gari, dada, karibu." Wapita njia walisikia. Mimi nilicheka, wao hawakucheka.

Hapo mtu anaweza kuuliza kwa nini hakueleza. Alieleza! Alimwita kila mtu. Alifunua boneti kwa mwenye duka, kwa mwalimu, kwa askari wa zamu. Alimimina chai kwenye visahani mpaka sukari yake ikaisha. Lakini kadiri alivyoeleza ndivyo walivyorudi nyuma. Mtu mwenye haki, walisema, hana maelezo marefu hivyo. Lisemwalo lipo, kama halipo laja.

Halafu nikaingia mimi. Fundi aliniletea turubai nimshonee paa la kukunja. Ilibidi vipande viwe virefu, virefu kuliko mtu, na mishono yake iwe miwili miwili mvua isipenye. Mahali pengine cherehani haikupenya turubai, nikashona kwa mkono barazani, kwa ile sindano kubwa ya magunia iliyopinda. Watu wakapita, wakaona mwanamke anashona mifuko mirefu ya turubai kwa ajili ya yule mtu. Wateja wangu wakaanza kukumbuka kwamba nguo zao bado ni nzima. Mama mmoja wa kanisani alinishika mkono baada ya ibada, akaniuliza kwa Kinyakyusa, kwa kunong'ona, kama idadi ya watu ninaowashonea inatosha. Sikumwelewa mpaka nilipofika nyumbani, na nilipoelewa kwamba anasema mifuko ya maiti, nikakaa palepale mlangoni.

Jioni moja jiwe lilipiga bati langu. Fundi alinisemesha kutoka upande wa pili.

"Dada. Umeumia?"

"Sijaumia. Naogopa."

"Na mimi pia. Nirudishie turubai. Gari litakaa bila paa."

"Nusu nimekwisha kushona."

"Nusu si kitu. Hofu haina breki, dada. Ikishaanza mteremko haitazami nani yuko mbele."

Nikamwambia kwamba mimi kazi yangu siachi nusu, na kwamba anyamaze nimalizie mshono kungali na mwanga. Mume wangu aliporudi kutoka kambini akasema nina kichwa kigumu kama mama yangu. Ni kweli, ninacho. Lakini mishono ile ya pembeni ilikwenda upogo, na Fundi, ambaye alikuwa akirudia bolti mara kumi isipokaa sawa, aliipokea hivyohivyo.

Mvua zikaja. Dereva wa lori akaniletea habari kutoka Iringa: mdogo wangu, aliyeolewa kule, amejifungua, yuko hospitali ya misheni Tosamaganga, homa haimwachi, na masista wanasema aje mtu wa kwao. Basi halikuwa limepita kwa sababu ya matope. Malori yaliyopita yalijaa. Nikasimama mbele ya banda la Fundi na furushi langu la nguo, nikamweleza.

Akatazama mawingu. Akatazama gari. "Paa umelishona wewe," akasema. "Likivuja umlaumu fundi mwenzangu." Akazunguka gari, akalizunguka tena, akasema Bismillahi, tukaondoka.

Sitasema uongo: gari lile lilikwenda vizuri. Malori yalikwama Chimala, sisi tukapita taratibu, gari jepesi kama kuku anayekanyaga matope. Mbao zake zilipinda na kunyooka chini yetu. Paa halikuvuja. Lakini kila tulipopita nyumba watu walisimama, na kila tulipopita watoto walikimbia, na mimi nilijifunika khanga mpaka kichwani, jambo ambalo, nikifikiri sasa, lilizidisha ubaya.

Kulikuwa na kijiji kabla ya njia panda ya Rujewa. Jina lake naliacha, watu wake ni watu wema, na haya yangeweza kutokea popote. Ng'ombe walijaa barabarani, ikabidi tusimame. Mama mmoja mrefu, shingo imenyooka, akatoka na debe la maji kichwani. "Kamwene," akatusalimu, akaja mbele ya gari, akatafuta mahali pa kumimina. Hakupaona. Akazunguka. Akatutazama.

"Mama, ahsante," Fundi akasema. "Hili halinywi maji."

Alisema kwa upole. Yule mama alirudi nyuma hatua kwa hatua, debe bado kichwani. Kisha sauti ya mwanamume ikapaza neno la Kisangu ambalo sikulijua, na sikuhitaji kulijua. Wachunga ng'ombe wakaja na mikuki yao na rungu. Wakalizunguka gari. Mmoja akavuta paa, turubai likafunguka, mvua ikatunyeshea. Mwingine akapekua nyuma. Akatoa debe la mafuta ya kwato, akalinusa, akalitupa. Akatoa furushi langu. Ndani mlikuwa na uzi, na mabaki ya turubai, na ile sindano yangu kubwa iliyopinda, niliyoibeba paa lisije likachanika njiani.

Akaiinua juu. "Sindano! Sindano yao hii hapa!"

Ee Mungu wangu. Mpaka leo nikiona sindano ya magunia naigeuzia uso. Nilitaka kusema mimi ni mshonaji, nina mgonjwa Tosamaganga, nina mume, nina mama Rungwe. Mtu alinishika mkono juu ya kiwiko, na kushika kwake kulikuwa kwa mtu ambaye naye anaogopa, anakaza zaidi ya anavyotaka. Nilijua tutakufa pale, sisi wawili, kati ya ng'ombe.

Mzee mmoja akapita katikati yao, amevaa koti la zamani la jeshi. Wakampisha. Alizungumza Kiswahili cha kambi, kifupi.

"Wewe. Hii ni motokaa?"

"Ni motokaa, baba."

"Motokaa inakunywa maji."

"Hii inapozwa na upepo, baba. Ngoja nikuonyeshe—"

"Mimi sitaki kuona upepo." Akamnyooshea kidole yule mama wa debe. "Maji yapo. Kama ni motokaa, inywe. Kama haiwezi kunywa, basi tumejua."

Fundi akafunua boneti. Kutoka Mbeya injini haikuwa imepumzika, na matone ya mvua yaliyoangukia silinda zile yalikuwa yanaruka na kutoweka. "Chuma kina moto," akasema. "Kitapasuka. Baba, nisikilize, kitapasuka." Mikuki ilisogea. Akageuka akanitazama, na akamtazama yule mtu aliyenishika mkono. Kisha akamwendea yule mama, akapokea debe kwa mikono miwili kama apokeavyo mtu kitu cha heshima, akarudi, akasema Bismillahi, akamimina mwenyewe. Hakumwaga kidogo. Alimimina lote.

Mvuke ulipanda, mweupe, ukatufunika sote. Ndani yake nikasikia mlio mfupi, ka! Kama chungu kinapopasukia motoni. Halafu mwingine. Nilimwona Fundi, mvuke ulipopungua, akifumba macho kwa kila mlio.

Lakini watu waliona mvuke, na mvuke waliujua. Ndio mvuke wa malori yote. Mtu mmoja akacheka. Yule aliyenishika akaniachia na kunifuta mkono, kama amenichafua. "Ehee," mzee akasema, akashusha fimbo yake. "Imekunywa. Sasa ni motokaa." Na Fundi, na sauti yake ikiwa sawasawa, akasema, "Ahsanteni sana. Lilikuwa na kiu."

Walitupa maziwa. Walilisukuma gari mpaka uani kwa mzee, maana halikuwaka tena, wakamshangaa Fundi kwa ubovu wa motokaa yake. Lori lilipopita na nafasi, akaniambia, "Nenda, dada. Mgonjwa hangoji." Nikamwacha amekaa juu ya kigoda kati ya watu waliotaka kutuua, wanamkaribisha ugali. Mdogo wangu nilimkuta hai, na akapona, na mtoto wake akapona. Fundi hakurudi Mbeya. Banda likapangishwa kwa muuza mkaa, ambaye hakuwa na la kuongea kwenye ukuta.

Nilimwona tena baadaye sana, ingawa miaka ya hamsini haikuwa imekwisha. Nilikwenda Iringa kumtazama mdogo wangu, na siku ya kurudi nilikuwa karibu na soko nikingojea basi, nikasikia mlio ambao ningeutambua hata kaburini. Gari lile jekundu lilikuwa linakuja, linapitwa na baiskeli. Nikapaza sauti mpaka watu wakageuka.

Alikuwa amepungua, ndevu zimekuwa nyeupe. Lakini si yeye aliyenishangaza. Gari lilikuwa na pua nyingine. Mbele ya pua ile iliyoinama alikuwa amelifunga tangi la bati, kubwa, limesuguliwa linang'aa, na juu yake kifuniko cha shaba cha kuzungusha.

"Fundi! Umeweka rejeta?"

Akatazama kulia na kushoto. "Si rejeta. Gonga."

Nikagonga. Likalia tupu.

"Silinda nyingine nilizishona nyufa kwa chuma, nyingine nikazipata kwenye gari bovu," akasema polepole. "Upepo unafanya kazi kama zamani. Hili ni bati tu. Kila kijiji wanakuja na maji, nafungua kifuniko, wanamimina, wanafurahi. Mbele ya safari nafungulia koki ya chini, yanamwagika." Hakuwa anacheka. Mtu huyu niliwahi kumsikia akimfukuza bandani tajiri aliyetaka gari lake lipakwe rangi juu ya kutu, akimwambia atafute mwongo mwingine. "Sasa kila mtu ananisalimu," akasema. "Yule mzee ananiita mwanangu. Na mimi naogopa kuliko siku ile, dada. Siku ile sikuwa nimewadanganya."

Basi la Mbeya lilikuwa linapiga honi. Fundi akaushika usukani, akatazama barabara ya Mbeya. Nikapanda gari lake. Usiniulize kwa nini, kichwa changu ni kigumu.

Tulifika kile kijiji mchana mweupe. Hatukuwa na njia nyingine, barabara ni moja. Wakaja, wanawake na madebe, wanaume, mzee na koti lake, vicheko, kamwene kila upande. Fundi akazungusha kifuniko. Yule mama mrefu, yuleyule, akamimina debe lake. Akaja wa pili akamimina. Wa tatu. Mzee akachungulia tangini.

"Ina kiu kweli leo. Haijai."

Nikamwona Fundi anaganda. Nikatazama chini. Maji yalikuwa yanatoka kwenye koki, kamba nyembamba, moja kwa moja kwenye vumbi chini ya pua ya gari. Alikuwa hakuifunga toka kijiji cha nyuma. Mtu mwingine alikuwa anakuja na debe, na kijana mmoja alikuwa ameanza kuinama kutazama magurudumu.

Sikufikiri. Nilishuka, nikasema kwa sauti kwamba miguu imekufa ganzi, nikaja nikasimama palepale, gauni langu likaificha koki. Maji yakanishukia viatuni, ya baridi, yakajaa. Nikainama kama ninayefunga kamba ya kiatu, nikaitafuta koki kwa vidole, nikaizungusha. Ilikaza. Nikaizungusha tena, ikafunga. Nilipoinuka yule mama mrefu alikuwa mbele yangu na debe lake la pili. Alikuwa anatazama miguu yangu. Akatazama lile tope lililonizunguka, na mfereji mdogo uliokuwa umeanza kutambaa kuelekea kwa wanaume. Akanitazama usoni, muda mrefu. Alinikumbuka, niliona amenikumbuka.

Akainua debe. Akalipindua lote, chwaa, juu ya miguu yangu na tope langu na ule mfereji, maji yakaruka mpaka kwa mzee.

"Mama wee!" akasema kwa nguvu, kila mtu asikie. "Nisamehe, mwanangu, debe limeniponyoka, nimekulowesha."

"Haidhuru, mama," nikamwambia. "Haidhuru kabisa."